Simu tano, shilingi 110: uchambuzi wa kisa cha nambari ya huduma kwa wateja, Siyu

Mama mmoja wa Siyu, kisiwani Pate, Lamu, nchini Kenya, analipia mtambo mdogo wa sola kwa mafungu ya shilingi 350 kwa wiki, yaani 50 kwa siku. Mtambo una taa tatu, redio na waya wa kuchajia simu. Akilipa, kampuni huufungua kwa siku saba. Siku hizo zikiisha bila malipo mapya, unajifunga wenyewe. Mchana ana shughuli za nyumba, usiku anashona kofia, na mshono wa kofia hauendi gizani. Jumamosi moja asubuhi alilipa kama kawaida kwa M-PESA. Jioni taa zikakataa kuwaka. Ujumbe wa malipo anao, pesa zimetoka, mtambo umefungwa. Akachukua kabambe yake, simu ndogo ya vibonyezo, na kupiga nambari iliyobandikwa kwenye kisanduku cha betri.

Kufikia Jumatatu mchana alikuwa amepiga simu tano na kutoa shilingi 110, zaidi ya malipo ya siku mbili za mwanga, na nyumba bado ina giza. Simu ya sita ilimaliza shauri lote na haikumla hata senti.

Kisa kimeundwa kwa ajili ya uchambuzi huu, ndiyo maana hakuna mtu wala kampuni iliyotajwa. Makosa yaliyomo ni ya kila siku. Hesabu zimefanywa kwa bei ya kukisia ya shilingi 4.50 kwa dakika, inayokatwa kwa sekunde, yaani senti saba na nusu kila sekunde. Laini yako ikiwa na bei nyingine, badilisha tarakimu hiyo moja na hesabu iliyobaki itakufuata.

Mtu wa bara anaweza kuuliza kwa nini hakwenda dukani kwa kampuni. Duka liko Amu, mjini Lamu. Boti za kutoka Siyu hufuata maji: mlango wa Siyu hukauka maji yakipwa, na aliyechelewa hungoja yajae tena. Ukiongeza nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima iliyopotea, simu ndiyo njia ya maana. Tatizo ni kwamba alipiga nambari isiyofaa, bila maandalizi, na saa ambazo foleni huwa ndefu.

Simu zenyewe

Jumamosi jioni alikuwa na salio la shilingi 60.

Simu ya kwanza ilidumu dakika 2 na sekunde 40. Sekunde 50 za mwanzo zilikwenda kwa salamu iliyorekodiwa na tangazo la televisheni mpya inayouzwa na kampuni. Sekunde 35 zikafuata za kuchagua lugha na huduma: bonyeza moja, bonyeza mbili, bonyeza nne. Kisha muziki kwa sekunde 75, halafu kimya. Mtandao ulikatika. Gharama: shilingi 12.

Ya pili ilidumu dakika 6 na sekunde 20. Salamu, tangazo na vibonyezo vilichukua tena sekunde 85, muziki ukachukua dakika 3 na sekunde 25, ndipo mhudumu akapokea. Mazungumzo yote yalikuwa sekunde 90.

"Mama, nitajie akaunti yako na msimbo wa M-PESA."

"Ngoja mwanangu, umo kwenye ujumbe, niutafute."

Ujumbe umo ndani ya simu ile ile aliyoibana sikioni. Kwenye kabambe, kutoka kwenye simu inayoendelea hadi kwenye meseji kunataka vibonyezo ambavyo wengi hawavijui. Akabonyeza, akasikia kelele, akarudi. Mhudumu akamwambia suala litapelekwa mbele, asubiri saa 24. Hakumpa nambari ya kumbukumbu, naye hakuiomba. Gharama: shilingi 28.50.

Ya tatu, usiku huo huo kabla ya saa nne, alitaka kujua kama saa 24 zinahesabiwa tangu pale. Sekunde 85 za mashine, dakika 2 na sekunde 55 za muziki, na salio likaisha akiwa bado kwenye foleni. Dakika 4 na sekunde 20, shilingi 19.50. Zile 60 zote zimekwisha.

Jumapili alikopa krediti ya 50 kwa Okoa Jahazi ya Safaricom. Huduma hiyo hukata asilimia 10, hivyo kilichoingia ni 45 na deni ni 50. Simu ya nne ikadumu dakika 7 na sekunde 30: sekunde 85 za mashine, dakika 2 na sekunde 50 za muziki, kisha mhudumu mwingine aliyekaa naye dakika 3 na robo. Huyu hakuona chochote kilichoandikwa Jumamosi. Akaanza upya, akauliza akaunti, mama akamsomea ile iliyo kwenye kibandiko, mhudumu akatazama na kujibu kwamba hakuna malipo yaliyoingia kwenye akaunti hiyo. Jibu lilikuwa sahihi kabisa, na halikusaidia kitu. Gharama: shilingi 33.75.

Jumatatu asubuhi kijana wa jirani mwenye simu janja akamtafutia "nambari nyingine ya kampuni" kwenye Facebook. Ikapokelewa papo hapo, bila mashine, bila muziki. Aliyepokea alikuwa mpole, akamwita mama yangu, akasema pesa zimeonekana na zinasubiri kuhakikiwa tu. Dakika mbili na nusu baadaye akaomba namba ya siri ya M-PESA. Hapo mama akakata simu. Gharama: shilingi 11.25, na ilikuwa bahati haikuzidi hapo.

Pesa zilikwenda wapi

Jumla ya simu tano ni sekunde 1,400, dakika 23 na sekunde 20. Kwa senti saba na nusu, hizo ni shilingi 105. Ongeza shilingi 5 za mkopo wa krediti unapata 110.

Ukizigawa kwa kazi zilizofanya, picha inabadilika. Sauti zilizorekodiwa, yaani salamu, tangazo na vibonyezo mara nne, zilikula shilingi 25.50. Muziki wa kusubiri ulikula 46.88. Tapeli alichukua 11.25. Mazungumzo na wahudumu wa kweli, mara zote mbili, yalichukua sekunde 285: shilingi 21.37. Kwa hiyo katika kila shilingi tano alizotoa, moja tu ndiyo iliyonunua maneno ya mtu anayeweza kumsaidia.

Hapa ndipo watu wengi hukosea wanapotafuta njia ya kupunguza gharama. Hubishana mtandao gani una dakika rahisi zaidi. Laini yenye bei nafuu kwa senti 50 kwa dakika ingemwokolea mama huyu chini ya shilingi 12 katika zile 105. Kusubiri mara moja badala ya mara nne kungeokoa zaidi ya nusu, hata kwa laini ile ile. Kinachomaliza krediti kwenye huduma kwa wateja ni muda wa foleni, pamoja na kurudia foleni hiyo kila simu inapokatika au kila jibu linapokosa kumbukumbu.

Jambo la pili ni kodi, nalo tutalipita haraka. Ndani ya bei ya dakika mna ushuru wa bidhaa, ambao Sheria ya Fedha ya 2023 iliushusha kutoka asilimia 20 hadi 15, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Kodi ya pili hutozwa juu ya bei iliyokwisha kuongezwa ushuru. Kwa viwango hivyo, katika shilingi 105 kiasi cha 26 hivi ni cha serikali. Hata muziki wa kusubiri hulipiwa kodi.

Na mkopo? Ukilipa 50 kupata krediti ya 45, dakika ya 4.50 imekuwa dakika ya shilingi 5 kamili. Si hasara kubwa kwa simu moja ya dharura, lakini ukikopa krediti ili ukasikilize muziki, unalipia kusubiri mara mbili. Siku atakayoweka krediti mpya, 50 za mwanzo zitakatwa kulipa deni kabla hajaongea na mtu yeyote.

Saa ya malipo huanza lini

Simu inapolia upande wa pili, hulipi. Malipo huanza pale mtambo wa upande wa pili unapotuma ishara kwamba simu imepokelewa. Mtandao hautofautishi kupokelewa na mtu na kupokelewa na mashine. Ikisema "Karibu, simu yako ni muhimu kwetu", umeshapokelewa na sekunde zinakatwa. Kampuni inaweza kuupanga mtambo wake utoe tangazo kabla ya kutuma ishara hiyo, na tangazo la namna hiyo halimgharimu mpigaji, lakini wachache hujisumbua.

Njia ya kujua bila kuuliza mtu ni saa inayohesabu kwenye kioo cha simu. Kabla ya kupokelewa kioo huandika kwamba simu inaita. Sekunde zikianza kwenda, 00:01, 00:02, simu imepokelewa. Kama nambari si ya bure, krediti imeanza kuondoka hapo hapo, hata kama unachosikia ni ngoma tupu.

Kwa laini ya malipo ya kabla, mfumo wa mtandao hutenga kipande cha salio lako mwanzoni mwa simu, kipande kikiisha hutenga kingine, na salio likikauka hukata simu pale pale. Ndivyo ilivyokwenda simu ya tatu. Mfumo wa kampuni ya sola haujui kwamba umeishiwa. Kwake wewe ni mpigaji aliyeondoka kwenye foleni, na nafasi yako imechukuliwa na mwingine. Kwa sababu hiyo kupiga nambari ya malipo ukiwa na krediti kidogo ni hasara karibu ya hakika. Kwa foleni ya dakika tatu, mashine ya dakika moja na nusu na mazungumzo ya dakika tatu, unahitaji kama shilingi 34 kabla hujabonyeza kitufe. Una 20? Usipige kwanza.

Tarakimu za mwanzo

Kibandiko cha kwenye betri kilikuwa na nambari inayoanza na 0709. Mama aliamini ni ya bure kwa sababu ni "nambari ya kampuni". Imani hiyo imeenea Lamu, Malindi na kwingineko, na inaeleweka: nambari hizo huchapishwa vizuri, tarakimu zake zimepangwa zikakaa kichwani, na ukipiga unapokelewa na mashine kama ya mtandao wako wa simu. Lakini 0709 ni nambari ya laini ya simu kama 0722 au 0733. Mpigaji ndiye anayelipa, kwa bei yake ya kawaida.

Ya bure ni 0800. Hapo malipo yamegeuzwa: kampuni inayopigiwa ndiyo inayolipia kila dakika, na ndiyo maana baadhi ya kampuni huificha mahali pa mbali. Kwa jicho la haraka, hasa gizani na bila miwani, 0800 na 0708 au 0709 zinafanana. Soma tarakimu ya pili: ikiwa ni 8 una tumaini, ikiwa ni 7 au 1 unalipa. Zile za 010 na 011 zilizoanza kutolewa 2019 ni za simu za mkononi pia, ingawa wazee wengi huzidhania za ofisini. Nambari za 0900 zimetengwa kwa huduma za malipo ya ziada. Usizipige bila kujua bei. Nambari za mezani huanza na msimbo wa eneo, 020 kwa Nairobi, 041 kwa Mombasa, 042 kwa Malindi na Lamu, na zote mpigaji hulipa.

Nambari fupi zinachanganya zaidi. Zile za dharura, 999, 112 na 911, ni za bure. 116 ya watoto na 1195 ya waathiriwa wa ukatili wa kijinsia ni za bure. 100 ya mtandao wako ni ya bure ukipiga kutoka laini ya mtandao huo huo. Lakini nambari za tarakimu nne au tano zinazotumiwa na kampuni na taasisi hazina kanuni moja unayoweza kuisoma kwa macho: nyingine bure, nyingine bei ya kawaida, nyingine zaidi. Ufupi wa nambari si ushahidi wa chochote.

Dawa ya mashaka yote hayo ni jaribio la sekunde kumi. Angalia salio kwanza. Kwa Safaricom ni *144#. Piga nambari, subiri saa ya kioo ianze, hesabu hadi kumi, kata. Angalia salio tena. Likipungua kwa senti 75 hivi, ni nambari ya bei ya kawaida. Likipungua kwa shilingi kadhaa, ni ya malipo ya ziada. Lisipopungua, angalia pia dakika za bando kama unazo, maana huenda zimekatwa huko. Bando nyingi za dakika zinafanya kazi kwa nambari za kawaida lakini haziingii kwenye nambari maalumu, na mtu hushtuka kuona salio la pesa limekwisha ilhali dakika za bando ziko palepale.

Mambo mawili kuhusu 0800 yanayoangusha watu. La kwanza, si kila 0800 inapatikana kutoka kila mtandao. Kampuni inaweza kuwa imeifungua kwa laini za mtandao mmoja tu. Ikikataa, jaribu kwa laini ya pili kabla hujaikatia tamaa, na kwa simu ya laini mbili hakikisha umechagua laini yenyewe kwa mkono, usiiachie simu ichague. Usikisie mtandao kwa tarakimu za mwanzo pia: tangu 2011 mtu anaweza kuhama mtandao na nambari yake, kwa hiyo 0722 si lazima iwe Safaricom. La pili, kwa kawaida 0800 haiingii kutoka nje ya nchi. Mtoto aliye Muscat anayemlipia mama yake sola atalazimika kutumia nambari ya +254, na atalipa bei ya kimataifa.

Upande wa pili wa jambo hilo hutokea sana Malindi na Shela, kwa walinzi wa nyumba na mameneja wa hoteli ndogo wanaotakiwa kupigia shirika la ndege au bima ya Uingereza. Nambari za huko za 084 na 087 zina malipo mawili, ya mtandao wa mpigaji na ya huduma yenyewe, na kutoka Kenya mara nyingi hazishiki. Tafuta kwenye tovuti yao nambari iliyoandikwa ni ya wapigaji wa nje, itakayoanza na +44 20 au +44 3. Huko Uingereza, tangu Julai 2015 nambari za 0800 na 0808 ni bure hata kutoka simu za mkononi, na tangu Juni 2014 mfanyabiashara hatakiwi kumtoza mteja wake wa mkataba zaidi ya bei ya msingi ya simu anapopiga kuuliza jambo la mkataba huo. Ni kanuni nzuri, na kampuni zinazouza kwa mafungu hapa pwani zingeweza kuifuata bila kulazimishwa na mtu.

Kosa lenyewe lilikuwa wapi

Jibu la suala zima lilikuwa kwenye ujumbe wa M-PESA tangu Jumamosi asubuhi. Ujumbe wa malipo ya Paybill, yaani nambari ya M-PESA ya kulipia kampuni, hutaja jina la kampuni, kiasi, saa, na akaunti iliyoandikwa na mlipaji. Akaunti yake ina tarakimu nane. Aliandika 6 mahali pa 9. M-PESA ilikubali kwa sababu nambari ya Paybill ya kampuni ilikuwa sahihi, na mfumo wa kampuni ukapokea pesa zisizolingana na mtambo wake.

Kulinganisha akaunti ya kwenye ujumbe na ile ya kwenye kibandiko, tarakimu kwa tarakimu, ni kazi ya nusu dakika, na hailipiwi. Ifanywe kabla ya simu yoyote. Ukiona tofauti, suala lako si tena "nimelipa taa haziwaki", ambalo mhudumu hulijibu kwa kutazama akaunti yako na kukuta patupu. Suala ni "nimelipa kwenye akaunti isiyo yangu, naomba pesa zihamishwe", na hilo lina njia yake. Mhudumu wa Jumapili alitazama akaunti sahihi, hakuona malipo, akafunga mlango. Angeambiwa akaunti mbili, angetazama mbili.

Wengine hukimbilia kuutuma ujumbe kwa 456 ili pesa zirudishwe. Njia hiyo ni ya kawaida kwa pesa zilizotumwa kwa mtu asiyekusudiwa. Kwa malipo yaliyokwisha kuingia kwa kampuni unayodaiwa nayo, haraka zaidi ni kampuni yenyewe kuyahamisha kutoka akaunti moja hadi nyingine ndani ya mfumo wake.

Simu ya sita

Jumatatu alasiri mpwa wake alipekua karatasi za mkataba. Ukurasa wa pili, chini, kwa maandishi madogo: 0800. Kwa nini nambari ya kulipia iwe kwenye kibandiko na ya bure iwe kwenye karatasi iliyokunjwa kabatini, kampuni ndiyo inayojua.

Kabla ya kupiga waliandika kwenye karatasi: akaunti sahihi, akaunti iliyoandikwa kimakosa, msimbo wa M-PESA, wenye herufi na tarakimu kumi, kiasi, 350, siku na saa ya malipo, nambari ya simu iliyolipa, nambari ya kitambulisho. Msimbo wa M-PESA waliuandika kwa herufi kubwa na kuutazama mara mbili, maana O na 0 humpeleka mhudumu kwenye malipo ya mtu mwingine au pasipo na malipo kabisa. Simu ikawekwa spika juu ya ukuta wa uani, mahali ambapo mtandao hushika. Ndani ya nyumba za kuta nene za mawe ishara hufifia, na simu ya kwanza ilikatikia huko.

Foleni ilikuwa dakika 11, ndefu kuliko zote. Wapigaji wa bure ni wengi. Lakini mama alikuwa amekaa na uzi wake na kofia, na salio halikutikisika. Mhudumu alipopokea, alisomewa sentensi moja na mambo saba. Dakika tatu. Kabla ya kukata waliomba vitu viwili: nambari ya kumbukumbu, wakaiandika na kumrudishia mhudumu kwa sauti; na siku zilizopotea ziongezwe, kwa sababu wiki huhesabiwa kuanzia mtambo unapofunguliwa, na ni vizuri kuthibitisha kwamba hawakuihesabu kuanzia siku ya malipo. Taa ziliwaka magharibi.

Kama kungekuwa hakuna 0800 kabisa, njia ya pili kwa bei ingekuwa ujumbe. Mambo yale saba yanaingia kwenye meseji moja au mbili za kawaida, na WhatsApp ya kampuni, kwa mwenye simu janja, hula data kidogo sana. Faida yake kubwa ni kwamba kila kitu kinabaki kimeandikwa. Njia ya tatu ni kuitafuta sauti inayosema "bonyeza hapa ikiwa unataka tukupigie": kupokea simu ukiwa nchini ni bure, na baadhi ya kampuni zinayo ingawa huweza kuitaja mwisho wa orodha, baada ya watu kukata tamaa. Na kama hapana budi kupiga nambari ya malipo, epuka Jumamosi jioni na Jumatatu asubuhi. Saa hizo foleni huweza kujaa. Katikati ya wiki, mapema asubuhi, huwa afadhali. Menyu ukishaijua, bonyeza tarakimu zako mara tu sauti inapoanza, usisubiri imalize. Mifumo mingi hukubali, na tangazo la televisheni linakatwa katikati. Kwa mama huyu hilo peke yake lingeokoa kama shilingi 5 kila simu.

Kuhusu nambari ya Facebook: nambari ya huduma kwa wateja ichukuliwe kwenye mkataba, risiti, kifaa chenyewe, au tovuti ya kampuni. Ukurasa wenye nembo nzuri na nambari ya kawaida ya mkononi si uthibitisho. Kupokelewa mara moja, bila foleni, Jumatatu asubuhi, ilikuwa dalili ya kutosha. Hakuna mhudumu wa kweli anayehitaji namba ya siri, iwe ya M-PESA au ya benki. Nambari ya tapeli ipelekwe kwa 333 ikiwa uko kwenye laini ya Safaricom, na mpwa aiambie kampuni ya sola pia, kwa sababu ukurasa unaotumia jina lao ni wao wanaoweza kuomba uondolewe.

Mwisho, malalamiko. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata taarifa zinazomwezesha kunufaika na huduma anayoinunua, na bei ya kupiga nambari ya msaada ni taarifa ya namna hiyo. Kampuni iandikiwe kwanza, kwa ujumbe au barua pepe, ikitajwa nambari ya kumbukumbu, na kuombwa iweke 0800 kwenye kibandiko. Mtandao wa simu ukikata pesa kwa nambari ya bure, au kwa huduma ya ujumbe usiyoiomba, hilo ni la mtandao kwanza na baadaye la Mamlaka ya Mawasiliano kupitia dawati lake la Chukua Hatua. Suala la mtambo wenyewe na mkataba wake ni la wasimamizi wa nishati au wa ushindani wa kibiashara, si la mawasiliano, na ukilipeleka kusikohusika linarudi baada ya wiki kadhaa likiwa halijafunguliwa. Ambatisha picha ya orodha ya simu zilizopigwa ikionyesha saa na muda wa kila moja, na picha ya ujumbe wa M-PESA. Kwenye kabambe, orodha hiyo huhifadhi simu chache tu za mwisho, kwa hiyo iandike kwenye karatasi siku hiyo hiyo.